Kusoma na kurekodi vibao vya historia vya vita vya 1779, New York

Ukiendesha gari kati ya Elmira na Geneva, jimbo la New York, utaviona kando ya barabara: vibao vya chuma vya buluu, herufi za njano, juu ya nguzo moja. Vingi vinautaja mwaka 1779, wakati wa vita vya Mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza, George Washington alipowatuma majenerali John Sullivan na James Clinton kuteketeza vijiji vya Wahaudenosaunee (shirikisho la mataifa ya wenyeji, waitwao pia Wairokwa) walioshirikiana na Waingereza, hasa Waseneca na Wacayuga. Zaidi ya vijiji 40 vilichomwa, mahindi yakafyekwa, miti ya matunda ikakatwa. Kibao kina mistari minne mitano tu, kwa hiyo kilichoachwa ni kingi kuliko kilichoandikwa.

Anza kusoma chini, si juu. Mstari wa mwisho ndio unaosema nani anazungumza. Ukikuta Idara ya Elimu ya Jimbo pamoja na mwaka, tuseme 1932, hicho ni cha mradi ulioanza 1926, Mapinduzi ya Marekani yalipotimiza miaka 150, ukaendelea hadi 1939. Ukikuta jina la wakfu wa William G. Pomeroy, ni cha karne hii. Rangi ni zilezile na watu huvichanganya kila siku, lakini wakfu huo hudai ushahidi wa maandishi ya wakati wa tukio kabla ya kutoa fedha. Mawe makubwa yenye bamba la bronzi na ramani ni ya 1929. Ramani hiyo inaonyesha njia nzima ya majeshi, kwa hiyo usilichukulie jiwe kama alama ya kijiji fulani.

Beba sumaku ndogo. Vibao vya zamani ni vya chuma cha kusubu na sumaku hunata. Ikidondoka, umeshika alumini, na huenda ni nakala ya kibao kilichogongwa au kuibwa. Kagua na shina la nguzo: zege jipya chini ya kibao cha 1932 ni dalili kwamba kimehamishwa, na maneno "mahali hapa" hayana tena uzito.

Tarakimu zisome kwa kidole. Kibao kilichopakwa rangi mara tatu nne hujaa rangi kwenye mabonde ya herufi; 3 huonekana 8, na mpaka rangi mwenye haraka huongeza kosa lake juu. Pitisha ncha ya kidole juu ya tarakimu yenyewe, chuma hakidanganyi. Pale jua likiwa usoni, washa tochi ya simu ubavuni mwa kibao, karibu kugusa, ili kila herufi itupe kivuli. Usisugue kwa brashi ya waya wala kupaka chaki.

Piga picha nne: uso wa kibao, mgongo wake (maandishi huwa pande zote mbili), shina la nguzo, na moja ya mbali inayoonyesha barabara. Andika majira ya nukta (latitudo na longitudo) kwa tarakimu tano baada ya nukta, maana hapo kosa halizidi mita moja hivi. Nakili maneno mstari kwa mstari pamoja na makosa ya tahajia, usisahihishe. Jina la kijiji cha Waseneca cha Kanadaseaga, kwa mfano, huandikwa kwa namna nyingi, na ukiisahihisha, atakayekuja kuitafuta hataipata.

Kisha pima tarehe. Jeshi la Sullivan lilipigana Newtown, karibu na Elmira, tarehe 29 Agosti. Likafika Catharine's Town 1 Septemba, Kendaia tarehe 5, Kanadaseaga (Geneva ya leo) tarehe 7, na kijiji kikubwa cha Waseneca kando ya mto Genesee tarehe 14. Kibao kinacholiweka jeshi Geneva mwezi Agosti kimekosea. Zaidi ya hapo fungua shajara za maofisa wa msafara, zilizochapishwa na jimbo mwaka 1887. Maofisa kadhaa waliandika habari za siku ileile, na ni rahisi kuzilinganisha.

Usalama: Marekani gari hupita kulia, basi egesha mbali kabisa na lami na uwashe taa za tahadhari. Nyasi za kando zina kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme; chomeka suruali ndani ya soksi, na ujikague jioni nyuma ya magoti na kiunoni. Shamba lililo nyuma ya kibao lina mwenyewe, usiingie.

Ukikuta kibao kimevunjika au kina kosa, usikipake rangi. Sheria ya New York ya 1919 inautaka kila mji na kijiji kuwa na mwanahistoria wake rasmi; mpelekee picha zile nne na majira ya nukta.