Kuhifadhi data yenye tabaka kwenye Go

Oda ya duka la vifaa vya ujenzi ina mteja, mteja ana simu, halafu kuna bidhaa kadhaa, kila moja na idadi na bei yake. Wengi wanaoanza lugha ya programu ya Go hulimwaga lote hilo kwenye `map[string]any`, yaani ramani ya majina yenye thamani za aina yoyote. Usifanye hivyo. Ukikosea jina la uga, kompaila haitakwambia, na kila namba itakayosomwa kutoka JSON (muundo wa maandishi wa kuhifadhi data) itageuka `float64`, ambayo huanza kupoteza usahihi namba nzima zikipita 9007199254740992.

Hatua ya 1: tengeneza aina, ukianzia ndani

```go
type Bidhaa struct {
    Jina  string `json:"jina"`
    Idadi int    `json:"idadi"`
    Bei   int64  `json:"bei"`
}

type Mteja struct {
    Jina string `json:"jina"`
    Simu string `json:"simu"`
}

type Oda struct {
    Mteja  Mteja    `json:"mteja"`
    Bidhaa []Bidhaa `json:"bidhaa"`
}
```

Simu ni `string` kwa sababu 0 ya mwanzo haibaki kwenye `int`. Bei ni namba nzima. Pesa na `float64` havipatani.

Angalia sana herufi kubwa mwanzoni mwa kila uga. Ukiandika `bei` badala ya `Bei`, `encoding/json` inauruka uga huo kimyakimya: programu hailalamiki, faili linaandikwa, bei haimo. Uga huo ukiwa na tagi ya `json`, `go vet`, amri ya Go ya kukagua msimbo, hukuonya, kwa hiyo izoee.

Hatua ya 2: andika kwenye faili

```go
func Hifadhi(njia string, oda []Oda) error {
    data, err := json.MarshalIndent(oda, "", "  ")
    if err != nil {
        return err
    }
    muda := njia + ".tmp"
    if err := os.WriteFile(muda, data, 0o644); err != nil {
        return err
    }
    return os.Rename(muda, njia)
}
```

Kwa nini faili la muda? `os.WriteFile` hufuta kwanza yaliyokuwemo, ndipo iandike. Programu ikikatika hapo katikati, oda za zamani zimekwenda na mpya hazijafika. Ukiandika pembeni kisha ukabadilisha jina, faili la zamani linabaki zima hadi jipya likamilike. Kama hofu yako ni umeme kukatika, fungua faili mwenyewe na uite `Sync`, inayosukuma data hadi kwenye diski, kabla ya `Rename`.

Hatua ya 3: soma tena

```go
var oda []Oda
dec := json.NewDecoder(f)
dec.DisallowUnknownFields()
err := dec.Decode(&oda)
```

Hapa `f` ni faili ulilofungua kwa `os.Open`. Bila mstari wa tatu, mtu akiandika `"bie"` kwenye faili, Go italipuuza neno hilo na bei itakuwa 0. Uga uliokosekana kabisa nao hupewa 0 bila kosa lolote, na huo mstari hauukamati. Kwa hiyo pitia kila bidhaa baada ya kusoma, ukatae yenye `Bei` au `Idadi` isiyozidi 0.

Orodha ambayo haijawekewa kitu huandikwa `null`. Kama programu nyingine inasubiri `[]`, anza na `Bidhaa: []Bidhaa{}`.