Usitoke Kituoni Bila Namba

Kitabu chenyewe ni kikubwa, jalada gumu, pembe zimechakaa kwa kushikwashikwa, nacho hakiondoki kaunta mchana wala usiku. Watu wote hukiita OB, yaani Occurrence Book, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kila jambo linalofika kituoni huandikwa humo kwa mfuatano: saa, jina la aliyeripoti, lililotokea, na kando yake namba. Namba husomeka hivi: 27/14/3/2023. Yaani tukio la ishirini na saba, tarehe 14 mwezi wa tatu. Siku ikigeuka, hesabu inaanza tena moja.

Naanza na kitabu hiki kwa sababu huu ni mwaka wa tisa nikiwasindikiza majirani polisi, hapa Mombasa na ng'ambo ya daraja upande wa Kilifi. Kina mama zaidi, na vijana wa bodaboda. Shida ninayokutana nayo kila mara ni ile ile. Mtu alikwenda, akaeleza mpaka akalia, akaambiwa "sawa mama, tumesikia, nenda nyumbani." Akaenda. Wiki mbili baadaye anarudi kufuatilia, kitabuni hamna kitu. Kwa ofisi ile, mtu huyo hakufika.

Basi ukifika kaunta, salimu, kisha sema "afande, nimekuja kuripoti." Usiseme umekuja kuuliza, maana anayeuliza hujibiwa na kuondoka, na anayeripoti huandikwa. Eleza kwa ufupi kwanza: nini, wapi, saa ngapi, nani kama unamjua. Habari za ugomvi wa tangu mwaka juzi ziweke, zitapata nafasi yake kwenye taarifa yako. Akimaliza kuandika, mwombe akusomee. Halafu omba namba ya OB, jina lake na namba yake ya kazi. Hayo si matusi wala ujeuri, afisa anatakiwa na sheria ajitambulishe. Yaandike kwenye karatasi. Wengi huandika kwenye simu tu, na simu ndiyo huibwa kabla ya vyote.

Mwaka jana kijana mmoja wa stendi yetu alipigwa rungu la mkono usiku na abiria aliyekataa kulipa. Tulikwenda kituo kimoja, sitakitaja, mkono umevimba hadi vidole havikunji. Kuandikwa kwenye OB tuliandikwa. Tulipoomba P3, ile fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, afande akasema fomu zimeisha, tukapige kopi dukani, na tukirudi tuache kitu cha karatasi. Ukutani nyuma yake yalikuwa yameandikwa maneno ambayo kila Mkenya anayajua, Utumishi kwa Wote. Niliyasoma kwa sauti, pole pole, kisha nikaomba kumwona OCS, mkuu wa kituo. Sikupiga kelele. OCS alitoka, akafungua kabati, fomu ikatolewa, ikajazwa sehemu ya polisi, ikapigwa muhuri. Tulitumia dakika kumi.

Nayaamini maneno yale ya ukutani. Siyasomi ili kumwaibisha mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inaitaka polisi ya nchi hii iwe na weledi na nidhamu, izuie ufisadi, iheshimu haki za binadamu na ijenge uhusiano mwema na wananchi. Afisa aliyekula kiapo na mwananchi aliyevunjwa mkono wako upande mmoja wa maneno hayo, na mara nyingi afisa akikumbushwa kwa heshima hukumbuka.

Kuhusu hiyo P3: fomu hailipiwi, hata ya soda. Lakini usikae kuingoja huku damu inatoka. Nenda hospitali kwanza, utibiwe, utunze kila karatasi ya matibabu, kisha upate namba ya OB mapema uwezavyo. Polisi hujaza sehemu yao, daktari au afisa wa kliniki hujaza ya majeraha, na fomu hurudi kituoni. Kabla hujairudisha, piga kopi yako ukaiweke nyumbani. Nimeona kesi ikifa kwa sababu P3 ilipotea, na hakukuwa na kopi.

Kwa aliyebakwa au aliyenajisiwa, mtoto au mtu mzima, naomba msomaji asome polepole hapa. Hospitali kwanza, na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zina muda wake, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, hata kama mwili wote unamtuma aoge. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Usizitie kwenye plastiki, zinapata unyevu na ushahidi unaoza. Hospitalini kuna fomu yake peke yake, huitwa PRC, mbali na P3, hakikisha imejazwa. Kituoni uliza dawati la jinsia, na una haki ya kuomba kuzungumza na afisa wa kike. Usikubali mtoto asimulie pale kaunta mbele ya watu wanaongojea kuripoti mbuzi na simu. Ukikosa pa kuanzia, 1195 ni laini ya bure ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Afisa mmoja wa dawati hilo nitamkumbuka siku zote. Tulimpelekea binti wa miaka kumi na mmoja ambaye Kiswahili kilimkwama kabisa siku ile, akibaki na Kigiriama tu. Afisa alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akafunga mlango, akamwagizia chai na mahamri. Hakugusa kalamu mpaka mtoto amalize kula. Kisha akamwita mwenzake anayejua Kigiriama, taarifa ikaandikwa sentensi kwa sentensi, ikasomwa yote kwa lugha ya mtoto kabla ya mtu kutia sahihi.

Hivyo ndivyo taarifa inavyotakiwa kuchukuliwa, yako pia. Isomewe kwa lugha unayoielewa. Palipokosewa parekebishwe. Usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu katikati, na usikubali kuambiwa "tia hapa, nitamalizia mimi."

Mtu akipotea, hakuna sheria ya kungoja saa 24. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa uzushi huo umeenea hadi kwa baadhi ya maafisa wenyewe. Mtoto asipoonekana baada ya madrasa, nenda jioni ile ile na picha ya karibuni, na ueleze nguo alizovaa mpaka rangi ya ndala.

Hizo saa 24 ni za jambo lingine, la mtu wako akikamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wake, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, muda unasogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kunauma: mtu anaweza kukaa seli mpaka Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Kwa hiyo siku ya Ijumaa usilale. Nenda kituoni umwombe OCS bondi. Kuna bondi ya kutia sahihi tu bila hela, na kuna dhamana ya pesa taslimu. Ukitoa pesa, dai risiti ya serikali pale pale, kwani pesa hiyo ni yako na hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa hakukwepa mahakama. Pesa isiyo na risiti si dhamana, na usiitoe. Angalia pia kama mtoto amechanganywa na watu wazima, au mwanamke na wanaume. Ukiona hivyo, mwone OCS hapo hapo, hilo halingojei asubuhi.

Ya kupotelewa na kitambulisho au kadi ya benki ni mepesi: ripoti, chukua abstrakti, karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti, yenye muhuri, endelea na shughuli zako. Cheti cha mwenendo mwema hakitolewi pale kaunta, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, na kulipiwa huko, kisha unapeleka alama za vidole Huduma Centre. Anayekuambia umpe yeye akufanyie, mkwepe.

Ukishaandikwa, usikae. Baada ya siku chache rudi na namba yako, uulize kesi iko kwa mpelelezi gani, uchukue jina na simu yake. Ukizungushwa, panda ngazi: OCS, kisha kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, kisha kamanda wa kaunti. Majirani wengi hukimbilia kwa gavana. Polisi si wa gavana, Katiba imewaacha kwa serikali ya kitaifa. Hata hivyo sheria ya polisi ya 2011 imeweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, na gavana au mtu aliyemteua ndiye mwenyekiti wake. Hapo ndipo pa kumuuliza habari za usalama wa mtaa mzima, si kesi yako moja.

Afisa mwenyewe akikudhulumu, akikupiga, au mtu akifia mikononi mwao, kuna IPOA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2011 kusimamia polisi, nacho si cha polisi. Laini yao ya bure ni 1559, na wana ofisi hapa Mombasa. Nimewahi kuwapigia kwa ajili ya jirani. Walitaka tarehe, saa, jina la kituo, jina au namba ya afisa, na namba ya OB. Jina la afisa hatukuwa nalo, tulikuwa na saa tu, na kwamba alikuwa zamu ya usiku pamoja na mwenzake wa kike. Waliyapokea hivyo hivyo, maana zamu huandikwa na wa usiku ule wanajulikana. OB tulikuwa nayo.