Kichwa kitulie, miguu ifutike: kupiga picha ya mnyama anayekimbia

Swala akipigwa picha kwa 1/2000 ya sekunde, kila unywele huonekana, ila mbio zenyewe hupotea. Utadhani ameganda hewani. Mbio huonekana pale shata (kizibo cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) inapokaa wazi kwa muda wa kutosha miguu ipite, huku kamera ikigeuka kwa kasi ileile ya mnyama ili kichwa kisihame ndani ya fremu.

Weka kamera kwenye S (kwa Canon ni Tv), yaani hali ambayo wewe unachagua muda wa shata, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, fokasi ya kufuatilia na upigaji wa mfululizo. Anza na 1/60 ya sekunde. Mkono ukizoea, shuka hadi 1/30, kisha 1/15. Tembo anayetembea taratibu anataka 1/8 au 1/4, maana kwa shata ya kasi zaidi ya hapo huonekana kama amesimama tu. Jua likiwa kali, hata f/22 (tundu dogo sana la lenzi) haitoshi kuzuia picha isiungue kwa mwanga mwingi kwa 1/30, kwa hiyo funga filta ya ND ya stopu 3, yaani kioo cheusi kinachopunguza mwanga hadi moja ya nane. Kama lenzi ina kitulizi cha mtikisiko, chagua hali inayotuliza juu na chini pekee.

Simama miguu ikielekea pale utakapopigia, kisha zungusha kiuno umwahi mnyama akiwa bado mbali. Mfuate kwanza, bonyeza polepole, na uendelee kugeuka hata baada ya kuachia kitufe. Hapa ndipo picha nyingi huharibika: kidole kikibonyeza, mkono nao husita.

Soma makosa yako kwenye skrini. Ukungu wa mlalo mwili mzima maana yake kasi yako na yake hazikulingana. Kichwa kikiwa safi na kiuno kimefifia, mnyama alikuja kimshazari. Subiri apite ubavu. Ukungu wa wima mara nyingi ni wa mnyama mwenyewe: swala hurukaruka na kichwa chake, ilhali duma hukituliza mno, hivyo anavumilia shata ya polepole kuliko swala. Anga tupu nyuma yake haitoi mistari yoyote. Tafuta vichaka vyenye mwanga na kivuli.

Unaweza pia kugeuza mambo: ndege ametulia, maji yanakwenda. Kwa korongo aliyesimama mtoni, tumia stendi ya miguu mitatu na 1/4 ya sekunde, upige picha 20 au 30, kwa sababu akitikisa shingo kidogo tu, hiyo moja imeharibika.