Makala yako ya kwanza Wikipedia ya Kiswahili: anza na Kilwa, usianze na babu yako

Makala yangu ya kwanza haikumaliza hata siku moja. Niliandika habari za babu yangu mzaa baba, fundi wa kuunga mifupa aliyejulikana tarafa nzima. Mkabidhi mmoja (ndivyo tunavyowaita wenye uwezo wa kufuta kurasa) akaifuta na kuniachia swali: vyanzo viko wapi? Nikanuna wiki mbili. Siku hizi mimi ndiye ninayewauliza wageni swali hilo, na wao ndio wananuna. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Mfano nitakaotumia ni Kilwa, kwa sababu karibu kila kosa la mgeni unaweza kulionyesha pale.

Hatua ya 1: Fungua akaunti

Ni dakika mbili. Usitumie jina la kampuni, shule wala chama chako. Akaunti ni ya mtu mmoja. Na usiweke jina lako halisi kama hutaki lisomwe na kila mtu, maana litabaki kwenye historia ya kila ukurasa utakaougusa.

Hatua ya 2: Rekebisha kabla ya kuandika

Usianzishe makala mpya wiki ya kwanza. Fungua iliyopo, bonyeza "Hariri" (kwenye simu utaona alama ya kalamu), tafuta kosa, lirekebishe. Herufi iliyorukwa, "ambayo" iliyopaswa kuwa "ambaye", au habari iliyopitwa na wakati. Kwa mfano, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014. Ukikuta ukurasa bado unasema yamo hatarini, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Kabla ya kuchapisha, jaza kisanduku cha muhtasari: "nimesahihisha hali ya UNESCO, nimeongeza chanzo". Wageni wengi hukiruka. Sisi tunaopitia mabadiliko ya karibuni tunakisoma kwanza, na hariri isiyo na muhtasari kutoka akaunti ya jana lazima tuifungue tuichunguze.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo, ndipo uandike

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wikipedia haiulizi kama unalolisema ni kweli. Inauliza ni nani amelichapisha, mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kuhakiki. Kitabu, gazeti lenye mhariri, jarida la chuo kikuu, ripoti ya taasisi. Blogu yako haimo, wala ujumbe uliosambazwa kwenye WhatsApp.

Kwetu sharti hili linauma. Sehemu kubwa ya historia ya koo na vijiji vyetu imo vichwani mwa wazee. Ukirekodi simulizi ya bibi na kuiweka moja kwa moja kwenye makala, umefanya utafiti mpya, na ensaiklopidia haipokei utafiti mpya. Nimebishana sana juu ya jambo hili, na bado naona linatunyima mengi. Lakini fikiria upande wa pili: koo mbili zinagombea nani alifika kwanza, kila moja ina mzee wake, na mhariri aliyeko Mwanza hana njia ya kujua yupi asemaye kweli. Njia iliyopo ni ya kuzunguka: simulizi ichapishwe kwanza kwingine, kwenye gazeti, kitabu au jarida, kisha mtu asiye na undugu na habari hiyo ainukuu. Babu yangu bado anasubiri.

Kwa Kilwa una bahati. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipita mwaka 1331 akaandika alichokiona. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba magofu miaka ya 1960 na matokeo yake yamechapishwa. Chanzo unakiweka papo hapo baada ya sentensi inayokitegemea:

`<ref>Jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ukurasa</ref>`

Mwisho wa makala weka kichwa `== Marejeo ==` na chini yake `<references/>`. Namba zitajipanga zenyewe.

Hatua ya 4: Andika bila kushabikia

Sentensi ya kwanza ieleze kitu ni nini, jina likiwa na wino mzito:

`'''Kilwa Kisiwani''' ni kisiwa kwenye pwani ya [[Tanzania]], katika [[Mkoa wa Lindi]].`

Sasa, mgeni ataongeza: "Kilwa ulikuwa mji mzuri kuliko yote." Nani kasema? Ibn Battuta aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Basi sema ni yeye aliyesema, weka chanzo, uendelee. Sifa ikiwa na mwenyewe inakubalika. Ikikosa mwenyewe, inafutwa.

Hatua ya 5: Viungo na jamii

Kilwa ziko tatu: Kisiwani yenye magofu, Kivinje, na Masoko penye makao makuu ya wilaya. Ukiandika `[[Kilwa]]` tu, huenda msomaji akapelekwa siko. Andika `[[Kilwa Kisiwani|Kilwa]]`: kiungo kinakwenda kisiwani, macho yanaona "Kilwa". Chini kabisa ongeza jamii (kundi la makala za aina moja), mathalani `[[Jamii:Visiwa vya Tanzania]]`, lakini kwanza angalia makala zinazofanana zinatumia jamii ipi. Viungo vya lugha nyingine haviwekwi tena ndani ya makala. Vinaungwa kupitia Wikidata, hifadhi ya data inayounganisha Wikipedia za lugha zote.

Hatua ya 6: Ukitafsiri, tafsiri kweli

Kutafsiri kutoka Wikipedia ya lugha nyingine kunaruhusiwa. Taja kwenye muhtasari umetoa makala gani, maana leseni inadai hivyo. Kunakili gazeti neno kwa neno hakuruhusiwi hata ukilitaja.

Balaa ni tafsiri ya kompyuta iliyobandikwa bila kusomwa. Nimewahi kukuta mji uliojengwa "kwenye benki ya kushoto ya mto", yaani ukingo wa mto ("bank" kwa Kiingereza). Soma kila aya kwa sauti. Ukijikwaa, hicho si Kiswahili.

Hatua ya 7: Ukifutiwa

Usirudishe maandishi yako papo hapo. Mkianza kufutiana, huenda mkazuiwa nyote. Fungua kichupo cha historia, soma sababu aliyoandika, kisha nenda ukurasa wa majadiliano ukamuulize kwa adabu. Malizia ujumbe kwa `~~~~`, nayo itageuka kuwa jina lako na saa. Halafu uweke ukurasa huo kwenye orodha ya maangalizi (kurasa unazofuatilia) na umpe siku chache za kujibu: wengi wetu tunahariri usiku, baada ya kazi.