Kufunga miche katika kasha la Ward kwa safari ya merikebu

Miche mingi ilifia sitahani kwa rasharasha za maji ya chumvi, na kwa kukosa maji baridi ambayo mabaharia waliyahitaji wenyewe. Daktari Nathaniel Ward wa London aliifungia ndani ya vioo: unyevu hupanda, hugusa kioo, hurudi udongoni. Mwaka 1833 makasha yake mawili yalipelekwa Sydney, na kangaga zikafika hai. Kazi karibu yote hufanyika nchi kavu.

1. Unda kasha la msaji, urefu mita 1 hivi, lenye paa la vioo la pande mbili. Liwe na miguu ya sentimita 10, maji ya sitahani yapite chini. Tumia vioo vidogo vilivyokazwa kwa puti, na juu yake wavu wa waya.

2. Weka vigae sentimita 5, kisha udongo tifutifu sentimita 20. Usitie samadi mbichi. Huoza na kuleta ukungu.

3. Panda, kisha acha kasha wazi kivulini wiki 3. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, na mche usioshika mizizi hauvuki bahari. Mwagilia, ziada itoke kwa tundu la chini, kisha lizibe. Ukiuminya udongo kiganjani ushikamane bila kudondosha maji.

4. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ukingamize fito kati ya mistari ya miche na kuzipigilia ubavuni mwa kasha. Merikebu ikienda mrama, udongo usiobanwa humwagikia upande mmoja na mizizi hubaki wazi.

5. Funga paa, kisha litazame siku mbili. Asubuhi vioo viwe na umande kwa ndani. Pasipo umande kabisa, kuna ufa. Vikitiririka mchana kutwa, fungua nusu siku upunguze maji.

6. Lifunge kwa kamba sitahani penye mwanga, kamwe si ngamani, tumboni mwa merikebu: gizani majani hunyauka manjano na kupukutika. Mwachie nahodha maagizo haya: asifungue, asimwagilie, chumvi ifutwe viooni, kioo kikivunjika kizibwe saa ileile kwa ubao mwembamba na puti. Turubai la tufani liondolewe mara bahari ikitulia.

Mbegu za chai hufa upesi zikikauka. Robert Fortune, mkusanyaji mimea kutoka Scotland, akizitoa China kwenda India, alizifukia katika udongo wa makasha kati ya miche ya miforosadi, zikaota njiani.

Mkifika, liwekeni kivulini na kufungua paa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Majani yaliyozoea unyevu huungua kwa jua la siku moja.