Shandelia ya kristali: anza na dari, si na duka

Dukani dari iko juu sana na taa hamsini zinawaka kwa pamoja, kwa hiyo shandelia ya sentimita 80 inaonekana ya wastani tu. Ifikishe nyumbani, chini ya dari ya futi 9, na wageni watakuwa wanainamisha vichwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni tepu, ngazi na karatasi, na pesa zikae mfukoni kwanza.

Pima urefu na upana wa chumba kwa futi, jumlisha, kisha jibu lisome kama inchi. Sebule ya futi 16 kwa 14 inatoa 30, basi kipenyo cha taa kiwe karibu inchi 30, yaani sentimita 76. Ukipungukiwa kidogo si neno, ukizidisha ndipo chumba kinaonekana kimebanwa. Kimo nacho kina hesabu yake: kila futi ya kimo cha chumba inabeba inchi 2.5 hadi 3 za taa. Lakini mahali watu wanapopita, sheria ya kichwa inashinda hesabu zote, kwani ncha ya chini ya taa lazima ibaki sentimita 210 juu ya sakafu. Chumba chenye kimo cha futi 9 ni sentimita 274, kwa hiyo taa pamoja na mnyororo wake imebakiwa na sentimita 64 tu. Kama hazitoshi, nunua ile inayokaa imebana darini. Nayo inang'aa vilevile.

Juu ya meza ya chakula hakuna anayepita, hivyo unaweza kuishusha hadi sentimita 75 au 90 juu ya meza. Kipenyo kiwe nusu hadi theluthi mbili ya upana wa meza. Kabla ya kuamua, kata boksi kwa kipenyo hicho, lifunge kamba, lining'inize pale pale siku nzima. Kila mtu wa nyumbani atalipita, na mrefu kuliko wote ndiye atakayekupa jibu.

Sasa uzito, maana hapa ndipo taa nyingi zinapoangukia. Bodi ya jipsamu haibebi shandelia. Wala fremu za bati zinazoishikilia hazibebi, wala brandaring, zile mbao nyembamba za dari za mbili kwa mbili. Kwenye zege, fundi atoboe kwa drili ya nyundo na kufunga bolti ya kutanuka ya chuma. Plagi ya plastiki inayovutwa kwenda chini hulegea taratibu, na hutajua mpaka siku yenyewe. Kwenye nyumba ya bati, mbao ya mbili kwa nne ilazwe juu ya kenchi mbili, iwe imezikalia, si imegongewa ubavuni, ili uzito ubebwe na mbao badala ya misumari. Ndoano ishuke kupitia tundu la jipsamu bila kuigusa bodi. Kazi hii ni rahisi kabla dari halijafungwa, na ni usumbufu mtupu baadaye.

Kisha jaribu. Kiwango cha kimataifa cha taa, IEC 60598, hupima viungio vya taa ya kuning'inia kwa mzigo mara 4 ya uzito wake kwa saa 1. Shandelia ya kilo 12 basi inadai kilo 48, na mfuko wa saruji ni kilo 50. Ufunge kamba imara, uning'inize sentimita chache tu juu ya sakafu, uuache saa nzima. Ndoano ikishuka hata milimita 2, fundi arudi juu.

Hapo ndipo uende dukani. Utakutana na vitu vitatu vinavyoitwa kristali. Cha kwanza ni kioo chenye risasi, ile metali nzito, ambacho Mwingereza mtengeneza kioo George Ravenscroft alipewa hataza yake London mwaka 1674. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1969 inataka kiwe na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi ndipo kiitwe hivyo. Ni kizito, na kinavunja mwanga kuwa rangi kuliko vingine. Cha pili ni K9, kioo safi kisicho na risasi kutoka China, ambacho kimejaa madukani kwetu na kwa sebule ya kawaida kinatosha kabisa. Cha tatu ni akriliki, yaani plastiki. Ishike mkononi: kioo ni cha baridi na kizito, plastiki inakuwa vuguvugu upesi na uzito wake haufiki nusu ya kioo. Plastiki huvuta vumbi na baada ya miaka hugeuka manjano.

Kutofautisha K9 na kioo cha kumiminwa kwenye kalibu, tumia kucha na simu. Pitisha kucha kwenye kingo za lozi moja, yaani kipande kimoja cha kristali kinachoning'inia: iliyokatwa ina kingo kali na zilizonyooka, iliyomiminwa ina kingo za mviringo na mara nyingine mstari wa kalibu. Washa tochi ya simu, ipitishe kwenye lozi, utazame ukutani. Ukiona vipande vya rangi vimetawanyika, hiyo inafaa. Ukiona doa jeupe tu, usilipie bei ya kristali.

Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, fremu ni muhimu kuliko lozi. Hewa ya chumvi hula chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kutu huanzia kwenye vile vipini vidogo vinavyounganisha shanga. Nenda na sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma cha kawaida. Ikikataa, huenda ni shaba au chuma kisichoshika kutu. Jaribu vipini pia, kwa sababu kipini kikikatika, mnyororo mzima wa shanga unakuja chini.

Balbu ndizo zinazoiua au kuifufua taa. Kristali humeta kutokana na nukta ndogo ya mwanga, kwa hiyo balbu nyeupe ya maziwa inaizima hata kama ina nguvu. Chukua LED za kioo angavu zenye nyuzi zinazoonekana, rangi ya 2700 hadi 3000 K (kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), yaani ya manjano kidogo. Ile nyeupe ya 6500 K inageuza sebule kuwa duka la dawa. Taa ya balbu 8 za zamani za wati 40 ilikula wati 320. Kwa saa 5 kila siku ni uniti 48 kwa mwezi. Za LED za wati 4 zinakula 4.8. Angalia holda kabla ya kulipa: nyingi ni E14, ile skrubu nyembamba, ambayo si kila duka la mtaani lenye balbu za pini linayo, basi nunua za akiba siku hiyohiyo. Ndugu aliye Marekani akitaka kukutumia shandelia, mwambie holda za kule huwa E12, na E14 haiingii. Ukitaka kupunguza mwanga, balbu ziwe zimeandikwa kwamba zinakubali, na swichi iwe ya LED, la sivyo zitapepesa.

Kuna ugomvi mmoja wa nyumba zetu: pangaboi na shandelia vyote vinataka katikati ya dari. Usiviweke jirani. Upepo hugonganisha lozi na kulegeza vipini, na mapanga yakikata mwanga chumba kizima kinapepesa. Shandelia ibaki katikati, feni mbili ndogo zihamie pembeni.

Siku ya kufunga, zima umeme kwenye kikata-umeme, si kwenye swichi tu. Funga fremu tupu, unganisha waya pamoja na ule wa ethi wa kijani na njano (mwili ni wa chuma, usikubali fundi aukate), washa balbu zote, ndipo uanze kuning'iniza lozi. Vaa glavu za pamba, anzia juu na ndani, ushuke kwenda nje, ukibadilishana pande mbili zinazoelekeana. Ukimaliza upande mmoja kwanza, taa inainama upande, na wengi hudhani imekuja mbovu.

Ipe swichi yake peke yake. Zile taa ndogo nyeupe za spoti zilizo kwenye jipsamu zikiwaka zote, kristali inabaki pambo lisiloonekana. Na kama dirisha lako linatazama mashariki, jua la saa 1 hadi saa 2 asubuhi likiipiga, ukuta utajaa vipande vya upinde wa mvua bila uniti hata moja. Watu wa pwani waliiita taa hii thurea, neno la Kiarabu linalotaja pia nyota za Kilimia, na asubuhi kama hiyo unaelewa kwa nini.

Kusafisha: umeme umezimwa, balbu zimepoa, blanketi limetandazwa chini. Changanya sehemu 1 ya spiriti ya hospitali na 3 za maji yaliyochujwa ya chupa. Maji ya kisima cha pwani huacha madoa meupe ya chumvi. Lowesha glavu ya mkono mmoja, ya pili iwe kavu, ufute lozi moja moja. Usipulizie taa yenyewe, maji yataingia kwenye holda. Siki na amonia hubabua rangi ya fremu. Na usiizungushe taa ili upande wa pili ukufikie: ile nguzo ya katikati imefungwa kwa nati, na kila mzunguko unaifungua kidogo. Hamisha ngazi. Shandelia ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos kule Muscat, yenye urefu wa mita 14, imejengewa ngazi ndani yake kwa ajili ya mafundi. Wewe utazunguka na yako.

Lozi za akiba na vipini vyake vitie kwenye kopo, uandike juu yake urefu wa kila lozi kwa milimita. Miaka mitatu baadaye duka litakuwa linauza muundo mwingine.