Kumzoesha Mtoto Mdogo Kunawa, Kulala Mapema na Kutumwa Dukani

Mtoto wa miaka 3 au 4 haongozwi na nasaha. Mwambie kutwa kucha kwamba uchafu huleta maradhi, naye atakuitikia vizuri, kisha atatia mkono kwenye sinia ya wali ungali na mchanga wa uani. Anachokishika upesi ni mfuatano wa mambo: likishatendeka hili hufuata lile, na kila kitu kina mahali pake ambapo yeye mwenyewe anaweza kukifikia. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumjengea mwanawe mazoea mema aanze kwa kupanga nyumba na nyakati za siku, na maneno yaje baadaye, tena yawe machache.

Usianze na mambo mengi kwa pamoja. Chagua jambo moja, ulifungamanishe na tendo ambalo nyumbani kwako halikosi kutendeka kila siku, na uliache likomae kabla ya kuongeza la pili. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walifuatilia watu wazima 96 waliokuwa wakijizoesha jambo jipya, wakaona kwamba jambo hilo huchukua kiasi cha siku 66 kwa wastani kabla ya kutendeka bila kufikiriwa. Kwa wengine zilitosha siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa kwamba zingehitajika zaidi ya 200. Hao walikuwa watu wazima, si watoto, lakini mzazi anaweza kuchukua mambo mawili kutoka kwao: kwamba juma moja la juhudi halitoshi, na kwamba kukosa siku moja hakukuvunja kilichokwisha kujengwa. Mtoto akilala bila kupiga mswaki siku ya harusi, kesho yake endeleeni kama kawaida bila makaripio.

Kunawa mikono ndiko kunakofaa kutangulia, kwa sababu kwetu chakula huliwa kwa mkono na mara nyingi katika sinia moja. Kikwazo kikubwa Mombasa ni maji. Katika mitaa mingi mfereji hautoi kila siku, na familia hutegemea mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni. Mtoto hawezi kuuinamisha mtungi uliojaa, basi hungoja mtu mzima, na akichoka kungoja huenda zake bila kunawa. Mtengenezee mfereji wake. Chukua dumu la lita 5 lililosafishwa vizuri, ulitoboe tundu dogo karibu na kitako, uchomeke humo ganda la kalamu lililo wazi pande zote mbili, kisha uzibe mdomo wake kwa kifuniko cha kalamu hiyo. Liweke juu ya kigoda imara, kwa kimo cha kifua cha mtoto, na beseni chini yake. Akichomoa kifuniko maji hutiririka membamba, na yale ya kwenye beseni yanafaa kumwagia chooni. Sabuni ikatwe vipande vidogo vinavyoenea katika kiganja chake, kwa kuwa mche mzima humponyoka na kuishia mchangani.

Mfundishe kulowesha mikono, kupaka sabuni, kisha kusugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha kwa muda wa sekunde 20 angaa. Sekunde kwake hazina maana, lakini akiwa anakwenda madrasa, kusoma herufi zote 28 za alifu na be mpaka mwisho, bila kukimbilia, kunatosha. Na asiyekwenda madrasa ahesabu mpaka 20 taratibu. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu jingi, hivyo asidhani sabuni imekwisha nguvu; aongeze kusugua. Akimaliza ajifute kwa kitambaa chake safi kilichotundikwa hapo hapo, si kwa upindo wa leso uliyojifunga, ingawa ndiyo iliyo karibu. Nyakati zenyewe ni tatu: akitoka chooni, kabla ya kula, na akirudi kucheza.

Pamoja na kunawa, mzoeshe adabu ya maji ya kunywa. Yakiwa ya kisima au hujui yalikotoka, yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa ya klorini kama ilivyoelekezwa kwenye chupa, kwa kuwa kipindupindu si kigeni katika mji huu. Chombo kiwe na kifuniko, na mtoto achote kwa kata yenye mpini mrefu, amimine katika kikombe chake, asichovye kikombe wala vidole. Mtoto wa miaka 4 hulimudu jambo hili na hulipenda, mradi umvumilie akimwaga.

Meno yana hesabu yake. Kabla ya kutimiza miaka 3, dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele; baada ya hapo na mpaka miaka 6 iwe kiasi cha punje ya mbaazi. Apige mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku ndio usiokosekana. Mwache aanze mwenyewe, kisha umalizie wewe, kwa maana mkono wa mtoto hauwi na ustadi wa kufikia magego mpaka apate miaka 7 hivi. Ama mabuyu, kashata na barafu za rangi zinazouzwa nje ya malango ya shule, sioni faida ya kuzipiga marufuku, kwa kuwa kilichokatazwa nyumbani huliwa kwa jirani. Kinachoharibu meno zaidi ni kumumunya kidogo kidogo mchana kutwa, kwani kila sukari inapoingia kinywani vijidudu hutengeneza asidi upya. Mabuyu yaliwe mara moja, baada ya chakula cha mchana, yaishe. Na embe, papai au chungwa liwe mahali anapoweza kulichukua, limeoshwa. Mtoto akifundishwa kumenya chungwa kwa vidole atalila kwa ajili ya kulimenya tu.

Kulala ndiko kunakowashinda wazazi wengi, nami nadhani sababu ni kwamba tunamngoja mtoto mpaka asinzie mwenyewe mbele ya televisheni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na kwamba kutazama skrini kusizidi saa 1 kwa siku, kukipungua ndiyo bora. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi gari la shule inambidi awe kitandani kabla ya saa tatu usiku. Hapa ndipo adhana inapokuwa saa ya mtoto asiyeweza kusoma saa. Kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, wakati wa jua kuchwa Mombasa hubadilika kwa kiasi cha nusu saa tu mwaka mzima, na hata watoto wa majirani wasio Waislamu wanajua kwamba Magharibi ikiadhiniwa ndipo michezo ya uwanjani hukoma. Tumia hilo: Magharibi ni kuingia ndani, kuoga na kuvaa nguo za kulalia, halafu ni chakula, Isha ni mswaki, choo, chandarua na hadithi moja. Mpangilio usibadilike, na simu zote zitolewe chumbani, ya mzazi ikiwemo. Katika miezi ya joto, hasa kuanzia Januari hadi Machi, muogeshe karibu zaidi na wakati wa kulala na umvalishe nguo nyepesi ya pamba, maana mara nyingi kinachoonekana kuwa ukaidi ni jasho tu.

Kazi za nyumbani mpe kwa kadiri ya kimo chake. Wa miaka 3 apange viatu mlangoni na kuweka nguo chafu kapuni. Wa miaka 4 achague mbaazi pamoja nawe na avae nguo mwenyewe, ukianza na zisizo na vifungo. Wa miaka 5 akunje nguo, afagie chumba na aandae vikombe vya chai. Usiifanye upya kazi yake mbele yake.

Kutumwa dukani kunastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna lugha, hesabu, adabu na ujasiri, na kwa sababu wengi hulifanya kwa pupa. Kwanza mwende pamoja, lakini yeye ndiye azungumze: asalimu, aseme anachotaka, atoe pesa, apokee kitu, ashukuru. Wewe simama nyuma na unyamaze, hata mwenye duka akikutazama wewe. Pesa azijue kabla ya kuzibeba. Sarafu za Kenya zilizotolewa tangu Desemba 2018 zinamfaa mtoto asiyesoma, kwani kila moja ina mnyama wake: twiga ni shilingi 1, kifaru ni 5, simba ni 10 na ndovu ni 20. Zimwage mkekani pamoja na zile za zamani zenye sura za marais ambazo bado zinatumika, acheze kuzipambanua, kisha mcheze duka uani, chumvi na kiberiti vikiwa bidhaa.

Akishamudu hayo, mtume kwenye duka la mtaani ambalo mwenyewe anamjua, akiwa na pesa kamili na kitu kimoja cha kununua, nawe ukimwangalia kutoka barazani. Kabla hajaondoka akariri ujumbe mara mbili. Siku zitakazofuata viongeze vitu viwe viwili, kisha mpe pesa zitakazorudishiwa chenji, naye aihesabu mbele yako anaporudi. Duka lisiwe ng'ambo ya barabara. Mtoto wa miaka 5 au 6 hajaweza kukadiria mwendo wa bodaboda wala kutambua kwamba tuktuki iliyosimama inaweza kugeuka ghafla, na hata katika vichochoro vya Mji wa Kale pikipiki hupita bila honi. Barabara huvukwa mkono mkononi na mtu mzima, wakitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto.

Mtoto anayetoka peke yake, hata kwa hatua chache, lazima awe na silaha ya maneno. Watoto wa Pwani hulelewa kuamkia wakubwa, kubusu mikono na kutii anayewatuma, na malezi hayo ni mema. Lakini yakiachwa bila mpaka humfanya mtoto aamini kwamba mtu mzima hakataliwi. Mfundishe majina sahihi ya viungo vyake vyote. Mweleze kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani hazishikwi na mtu, ila anayemsafisha au daktari mzazi akiwepo; kwamba akiguswa vibaya aseme "sitaki" kwa sauti na akimbie, awe ni ami, mjomba, mwalimu au ustadhi; na kwamba siri ya kumficha mama haipo. Akisema hapendi kubusiwa na mgeni, mwache aamkie kwa maneno. Ajue jina lake kamili, la mzazi, la mtaa na namba moja ya simu. Nawe uijue 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya, inayopokewa usiku na mchana.

Yote haya yanahitaji watu wazima wa nyumba moja wakubaliane. Bibi anayempa mjukuu soda saa tatu usiku hafanyi kwa ubaya, na kumkosoa mbele ya mtoto hakuleti faida. Afadhali umpe sehemu yake katika mpango, kwa mfano hadithi ya kulala iwe yake. Yaya naye aonyeshwe kila hatua kwa vitendo. Mwezi wa Ramadhani na likizo za Desemba ratiba itavurugika, kwa kuwa watoto hukesha na wakubwa, na hakuna haja ya kupigana nalo. Sikukuu ikipita, rudisheni kwanza saa ya kuamka, kisha baada ya siku mbili tatu saa ya kulala, na mambo mengine yarejee moja moja kwa utaratibu ule ule mlioanza nao.